Antena Inayotazama Mbeere

Wawira alikuwa akikamua huku anaongea. Aliongea na Kairu, ng'ombe wake mweusi. Kairu asiposemeshwa alibana maziwa. Tena si kwa lugha yoyote ile. Alitaka Kimbeere, lugha aliyosemeshwa mama yake.

"Teremsha, mama, teremsha," Wawira alimbembeleza. "Nyumba nzima inakungoja wewe."

Na kweli nyumba nzima ilimngoja. Maziwa ya asubuhi yalikwenda kwa gari la maziwa pale barabarani. Ya jioni yalinywewa nyumbani. Karo ya Veronicah, binti yao mkubwa, ilitoka kwenye kiwele cha Kairu. Na sasa Kairu alikuwa na mimba.

Wawira alizaliwa Mbeere, huko chini kwenye joto na miiba. Nyaga alimwoa akamleta huku juu, karibu na Kanja, kwenye kahawa na ukungu. Veronicah alipozaliwa, baba yake Wawira alipanda mlima kwa miguu, akiswaga ng'ombe mmoja mwembamba. Ilikuwa zawadi ya mjukuu. Watu wa Kanja walicheka. "Huyu ni ng'ombe au ni mbuzi mrefu?" walisema. Lakini Wawira alimtunza. Daktari wa mifugo alimpandisha kwa sindano, na akazaliwa Kairu. Tangu siku hiyo hakuna aliyecheka tena.

Kitu kingine kilichojulikana katika boma la Nyaga kilikuwa televisheni. Ilikuwa ndogo, ya picha nyeusi na nyeupe, na ilitumia betri ya gari, kwa sababu stima haikuwa imefika. Nyaga aliinunua mwaka ambao kahawa ililipa vizuri. Wawira aliifumia kitambaa cheupe chenye maua ya manjano. Kitambaa kilifunika juu, kikaning'inia kidogo mbele, upande wa kulia.

Siku televisheni ilipoletwa, baba yake Nyaga alikuwa bado hai. Mzee yule alishika mlingoti wa antena kwa mikono yake. Akaugeuza uso wa antena ukaelekea Kirinyaga, mlima wenye theluji, kule ambako wazee wa Embu walielekea wakati wa kuomba. Akatema mate ya baraka kwenye mlingoti. Akasema, "Kila kitu chema hutoka huko. Mvua hutoka huko. Mito hutoka huko. Na hii pia itatoka huko."

Wakawasha. Picha ikaja, safi kabisa. Basi nani angebisha?

Kutoka siku hiyo, kila Jumapili baada ya kanisa majirani walijaa sebuleni. Walitazama kwaya. Walitazama mpira. Walitazama habari hadi mwisho. Nyaga alikaa kwenye kiti chake karibu na televisheni, na yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuizungusha. Wawira alipika chai ya maziwa, akawapa wote. Mzee alipofariki, hata mkono wa mtoto haukuruhusiwa kuugusa ule mlingoti.

Halafu mambo yakabadilika.

Chifu aliita baraza. Alisema mtambo wa zamani wa kurushia picha umechoka, na utazimwa. Mnara mpya umejengwa, nao utatumia mawimbi mapya. "Kwa hivyo mjitayarishe kupokea kwa njia mpya," alimaliza. Watu walipiga makofi, wakaenda nyumbani. Hakuna aliyeuliza njia mpya ni ipi. Kila mtu aliogopa kuonekana mjinga mbele ya mwenzake.

Mtambo wa zamani ukazimwa. Jioni hiyo Nyaga aliwasha televisheni, akaona chenga tupu. Chenga nyeupe, chenga nyeusi, na sauti kama mahindi yanayokaangwa.

"Antena iko chini sana," Nyaga alisema.

Akakata mti wa mukima uliokuwa bado mchanga, akaunganisha mlingoti ukarefuka. Chenga.

Jirani yao Kithaka akaja na shauri. "Funga mfuniko wa sufuria hapo juu. Kwa shemeji yangu walifunga, wakapata hadi Uganda."

Mfuniko ukafungwa. Ulikuwa mfuniko mkubwa, wa sufuria ya kupikia githeri ya mahindi na maharagwe. Chenga. Wa pili ukafungwa. Chenga vilevile.

"Baba Vero," Wawira aliita kutoka jikoni, "hiyo TV ikishiba mifuniko, mtanirudishia mmoja nifunike chakula?"

Watoto walicheka. Nyaga hakucheka.

Jumapili majirani walikuja kama kawaida. Walikaa. Walitazama chenga. Mwishowe Kithaka alisimama, akachukua kofia yake.

"Bwana Nyaga, leo umetuonyesha mvua ya mawe," alisema. "Asante. Sisi tunaenda kutazama ng'ombe zetu. Zenyewe zina rangi."

Wakaondoka wakicheka. Nyaga alibaki kwenye kiti chake, mikono magotini. Wawira alimwona akiizima televisheni polepole, kama mtu anayefunga macho ya marehemu.

Kesho yake Nyaga alikwenda Embu mjini. Alirudi jioni akitembea haraka, uso umechangamka.

"Mama Vero, mambo yamekwisha!" alisema. "Nimepata mfanyabiashara, anaitwa Mithika. Anauza TV za rangi. Ameniambia hizi za zamani haziwezi mawimbi mapya. Zimekufa. Jumamosi ataniletea mpya kwa pikapu yake."

"Na wewe utampa nini?" Wawira aliuliza.

Nyaga aliangalia mlangoni. "Nimempa mkono. Atarudi na Kairu."

Wawira alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka mezani taratibu, kisimponyoke.

"Kairu ana mimba," alisema.

"Najua."

"Kairu ndiye karo ya Vero."

"Kahawa italipa."

"Kairu alitoka kwa baba yangu."

"Ng'ombe akiingia kwa boma ni wa boma," Nyaga alisema. Lakini sauti yake haikuwa na nguvu. "Mama Vero, elewa. Watu wananicheka. Na mimi nimeshapeana mkono. Neno la mwanamume halirudi."

Wawira hakupiga kelele. Alitoka, akaenda kwenye zizi, akaegemea shingo ya Kairu. Shingo ilikuwa na joto. Alikaa pale mpaka mama mkwe wake, Rwamba, alipomwita aje kula. Lakini hakukaa akilia tu. Alikaa akifikiri. Swali moja lilimzunguka kichwani: ni nani aliyesema televisheni imekufa? Ni mtu anayeuza televisheni. Je, muuza jeneza akikuambia mgonjwa wako amekufa, hutatafuta daktari kwanza?

Asubuhi alichukua ile betri ya gari, ambayo ilihitaji kuchajiwa. Kama kawaida yake, akaifunga mgongoni kwa ukanda, juu ya shuka, akashuka nayo hadi soko la Kanja, kwa fundi.

Fundi alikuwa mwanamke, jina lake Gladwell. Alizaliwa Kanyakine, akasomea kazi ya redio na umeme, akaolewa Kanja. Duka lake dogo lilijaa redio zilizofunguliwa matumbo. Alikuwa mcheshi na mwenye sauti kubwa, na hakuficha ujuzi wake.

"Mama Vero! Simama hapo hapo!" alipiga kelele. "Betri mgongoni? Unataka asidi ikuchome mpaka mifupa?"

"Kwani nitaibebaje?"

"Imesimama wima, ndani ya toroli. Isilale, isigeuke kichwa chini. Ona shuka lako!"

Wawira alitazama. Shuka lilikuwa na matundu madogo madogo. Siku zote alidhani ni panya.

Waliishusha betri pamoja. Kisha Wawira akamweleza yote: chenga, mifuniko, Mithika, na Kairu. Alipofika kwa Kairu, Gladwell aliacha kucheka. Akavuta kiti akaketi karibu naye.

"Sikiliza, dada yangu. Nani amefungua hiyo TV akasema imekufa?"

"Hakuna."

"Basi haijafa. Nikuulize. Wewe una chekecheke la maharagwe?"

"Ndiyo."

"Ukiweka unga juu yake, utabaki?"

"Utapita wote chini. Matundu ni makubwa."

"Umemaliza somo," Gladwell alisema. "Antena ni chekecheke la mawimbi. Mawimbi ya zamani yalikuwa marefu, ndiyo maana antena yenu ina mikono mirefu. Mawimbi mapya ni mafupi. Yanataka antena ya mikono mifupi. Yenu inayaacha yapite kama unga. Hata ukiiweka juu ya kanisa, itaona chenga. Hata ukiivisha sufuria zote za Kanja!"

Wawira alicheka bila kutaka.

"Sasa jambo la pili," Gladwell aliendelea. "TV yenu ina vitufe vingapi vya kuzungusha stesheni?"

"Kimoja."

"Una hakika?"

Wawira alifikiri. Aliona televisheni akilini, na kiti cha Nyaga, na kitambaa cheupe chenye maua ya manjano. Kitambaa kile kilining'inia upande wa kulia.

"Ai!" alisema, akashika mdomo. "Kuna kingine. Chini ya kitambaa changu. Hatujawahi kukigusa. Tulidhani ni pambo."

"Pambo!" Gladwell alipiga paja. "Cha kwanza ni cha mawimbi marefu. Hicho cha pili ni cha mawimbi mafupi. Waliotengeneza TV hiyo waliweka milango miwili. Mlango mmoja nyinyi mmeufunika kwa maua."

"Kwa hivyo tukizungusha hicho, na tukiweka antena fupi..."

"Na muigeuze. Mnara mpya hauko upande wa mlima. Mawimbi haya hutembea moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Antena ikiupa mnara kisogo, haioni kitu. Mnara uko huko chini, Mbeere, juu ya kilima."

Wawira alisimama. "Kilima chenye mwamba mweupe ubavuni?"

"Umekijuaje?"

"Ni nyuma ya kwetu! Nilichunga mbuzi pale. Nilipoenda kumwona mama nilikuta watu wanapandisha vyuma. Nilidhani ni vya maji."

Gladwell alimtazama, akaanza kucheka hadi machozi. "Basi, Mama Vero, picha zitakuwa zinatoka kwenu. Sijui watu wa Kanja wataficha wapi nyuso zao."

Walikubaliana kwamba Gladwell angekuja Jumamosi asubuhi na antena fupi, kabla ya pikapu kufika. Njiani kurudi, Wawira aliisukuma betri ndani ya toroli la kuazima, nayo imesimama wima.

Nyumbani alimweleza Nyaga. Nyaga alisikiliza, kisha akatikisa kichwa.

"Mithika anauza TV kila siku. Yeye hajui, na wewe unajua?"

"Mimi sisemi najua. Nasema tujaribu. Ikikataa, Kairu aende. Nami nitamfungua kamba mwenyewe."

Nyaga alimtazama mkewe. "Tutajaribu," alisema.

Lakini Rwamba, mama mkwe, aliyasikia hayo, akaweka mkongojo wake chini kwa kishindo. "Kugeuza antena? Mume wangu aliielekeza Kirinyaga kwa mkono wake. Iangalie Mbeere? Tangu lini kitu kikatoka Mbeere isipokuwa mbuzi, asali na joto?"

"Na mimi, Mama," Wawira alisema kwa upole.

Rwamba alichukua mkongojo wake akaenda kulala.

Jumamosi ilikuwa na jua safi. Gladwell alifika mapema akiwa amebeba antena mpya, mikono yake mifupi imepangika kama mifupa ya samaki. Lakini kabla hajafungua mkoba wake, honi ilisikika. Mithika naye alikuwa amewahi. Alishuka akitabasamu, akiwa amevaa koti na viatu vya kung'aa, akabeba televisheni ya rangi hadi sebuleni. Majirani waliisikia honi, wakaja. Kithaka alikuwa mbele.

"Ng'ombe yuko wapi?" Mithika aliuliza.

"Yupo," Nyaga alisema. "Lakini kwanza washa, tuone."

"Hakuna shida. Hii ina tundu la betri. Leta waya wa antena."

Akaunganisha waya wa antena ya zamani, ile iliyotazama mlima. Akawasha. Akazungusha hapa, akazungusha pale. Zikaja chenga.

"Hizi zina rangi?" Kithaka aliuliza. "Mimi naziona zilezile."

Watu waliangua kicheko. Mithika alifuta jasho. "TV yangu ni nzima. Ni antena yenu ndiyo mbovu!"

"Rudia hapo," Gladwell alisema kutoka mlangoni. "Sema tena, na Mama Vero asikie."

"Nimesema kosa ni la antena. Si la TV."

"Asante. Sasa, Bwana Nyaga, kosa likiwa la antena, ng'ombe anauzwa kwa nini?"

Nyaga alimtazama Mithika. Mithika akatazama viatu vyake vya kung'aa. Halafu Nyaga alisimama, akavua koti lake.

"Fundi, niambie la kufanya," alisema. "Nitapanda mwenyewe."

Walitoka wote nje. Nyaga aliweka ngazi, watu wawili wakaishika miguu. Gladwell alikagua waya, akautupa ule uliochunika, akafunga mwingine. Nyaga akafungua mifuniko ya sufuria, akamtupia Wawira mmoja mmoja. Akashusha antena ndefu, akafunga ile fupi. Kisha akashika mlingoti ili augeuze. Mikono yake ikasita. Akamtafuta mama yake kwa macho.

Rwamba alikuwa amesimama na mkongojo wake. Watu wote walimngoja.

"Mnaniangalia nini?" alisema. "Mume wangu aliangalia Kirinyaga akiomba. Alipoomba mke mwema wa mwanawe, aliangalia huko huko. Na mke alitoka wapi? Alitoka Mbeere. Mungu husikia upande mmoja, akajibu kutoka upande mwingine. Geuza."

Nyaga aligeuza. Wawira alisimama mahali palipo wazi, akaonyesha kwa kidole kilima cha bluu kule mbali, ambako tambarare za Mbeere zililala kwenye jua.

"Kidogo tena! Tena! Huo mti wa nyuma unaziba, sogea kushoto. Hapo! Hapo ndipo kwetu!"

Waliingia ndani. Gladwell aliunganisha waya kwenye televisheni ya zamani. Kisha akamwambia Wawira, "Kitambaa ni chako. Toa mwenyewe."

Wawira alikikunja kitambaa chake cha maua. Chini yake palikuwa na kitufe cha pili, kinang'aa kama siku kilipotoka dukani. Gladwell alizungusha kile cha kwanza hadi mwisho, kwenye alama ya mawimbi mafupi, ili cha pili kifanye kazi. Halafu akamtazama Nyaga. Nyaga akamtazama mkewe.

"Zungusha wewe," Nyaga alisema.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kugusa kitufe. Wawira alizungusha polepole, kama anavyofungua chuchu za Kairu asubuhi za baridi. Chenga. Chenga. Kivuli. Halafu ghafla uso wa mtu, mzima, na meno yake, na tai yake, na sauti isiyokuwa na mahindi yanayokaangwa.

Watu walipiga kelele. Kithaka alisogea hadi pua yake ikakaribia kioo. "Hata ndevu zinahesabika!" alisema. "Zamani hata mlimani hatukupata hivi."

Mithika alikuwa bado amesimama kando. Nyaga alimfuata, akampa mkono tena.

"Ndugu yangu, nilikuahidi ng'ombe kwa TV itakayoonyesha. Yangu imeonyesha. Usinikasirikie."

Mithika aliguna, kisha akacheka kidogo. "Ningekasirika nini? Fundi, hizi antena fupi unazitengeneza mwenyewe?"

"Kwa mikono hii."

"Basi tuongee. Naona nilikuwa nauza kitu ambacho watu hawahitaji."

"Na uwaambie watu hivyo kabla hujachukua ng'ombe zao," Gladwell alimjibu, na watu wakacheka tena, na safari hii Mithika alicheka pamoja nao.

Jumapili iliyofuata sebule ilijaa hadi mlangoni. Kwaya ziliimba. Wawira alipika chai kwenye sufuria kubwa, na sufuria ilikuwa na mfuniko wake. Kitambaa cha maua kilirudi juu ya televisheni, lakini alikishona upya kikawa kifupi, kisifunike kitu chochote. Betri ilikaa wima kwenye kisanduku, mbali na watoto. Kithaka alitaka kujua bei ya antena, kwa kuwa naye alipanga kununua televisheni. Mwingine aliyekuwa nayo tayari akaitazama televisheni yake upya, akakuta kitufe cha pili alichokuwa amekibandika karatasi.

Kabla mvua za masika hazijaisha, Kairu alizaa. Alikuwa ndama jike, mweusi kama mama yake, na baka jeupe kwenye paji. Veronicah alikuja nyumbani likizo, karo yake imelipwa, akampa jina la Mnara.

Asubuhi moja Wawira alikuwa akikamua. Ukungu ulikuwa umeondoka mapema. Alitazama ng'ambo ya bonde, kwenye maboma ya majirani. Aliona mlingoti mmoja, na mwingine, na mwingine, hadi mgongo wa kilima cha pili. Kila mmoja ulikuwa na antena fupi. Na zote, bila hata moja kubaki, zilikuwa zimegeuka kutazama chini Mbeere, kwao.

Rwamba alikuja na mkongojo wake, akasimama kando ya zizi, akatazama pia.

"Unamwambia nini huyo ng'ombe kila siku?" aliuliza.

"Namwambia ateremshe maziwa, Mama."

"Kwa Kimbeere?"

"Hasikii kingine."

Bibi kizee akaegemea ua, akamwinamia yule ndama mdogo mweusi.

"Basi nifundishe," alisema. "Huyu naye atakua, na wewe siku nyingine utakuwa umeenda sokoni."